Mbuzi Asiyekula Majani: Namna ya Kumsomesha Mtoto Mdogo kwa Mchezo wa Nyumbani

Mjukuu wangu alipokuwa na umri wa miaka 4 aliniuliza, nikiwa katika pilikapilika za jikoni, kwa nini mbuzi wangu hali majani. Alikuwa akiionesha mbuzi ya kukunia nazi iliyoegemezwa ukutani. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, nazi ilikuwa bado haijakunwa, na jibu la upesi lilikuwa tayari mdomoni mwangu, kwamba ile si mnyama bali ni kifaa tu. Kwa bahati nililimeza jibu hilo, nikamuuliza yeye anadhani mbuzi yule anakula nini. Alikitazama kile chuma chenye meno, akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotaraji, kisha akasema, “Anakula nazi, bibi, lakini hajui kumeza, anaitema yote kwenye sinia.” Kwa maneno hayo machache alikuwa ameeleza kazi ya kifaa, ametenganisha kula na kumeza, na ametunga mnyama ambaye hajapata kuwapo, nami sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kuuchelewesha mchuzi kwa dakika mbili.

Mwongozo huu unawahusu wazazi na walezi wa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 6 hapa Unguja na Pemba. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, na hilo ni jambo la kheri, lakini limetufanya baadhi yetu tuamini kwamba kujifunza ni kazi ya skuli asubuhi na ya chuoni jioni, na kwamba nyumbani ni mahali pa kula, kuoga na kulala. Wapo pia waliokwenda upande wa pili, wakanunua ubao na chaki na kumkalisha mtoto wa miaka 3 barazani asome herufi mpaka alie. Njia ninayoieleza haihitaji ubao, ratiba wala fedha. Inahitaji kazi ambayo ungeifanya vyovyote vile, uipunguze kasi kidogo, uulize swali moja zuri, kisha unyamaze.

Swali, kisha kimya

“Hii rangi gani?” na “Hizi ngapi?” ni maswali ya mtihani. Anayeuliza analijua jibu, mtoto naye anajua kwamba unalijua, kwa hiyo anachotafuta ni kukuridhisha. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini yakizidi, mtoto huanza kujibu kwa kuutazama uso wako badala ya kukitazama kitu chenyewe. Swali la mchezo ni lile ambalo hata wewe huna jibu lake: sufuria hii ingeweza kusema, ingelalamikia nini? Unadhani kwa nini paka amechagua kulala pale na si hapa penye kivuli? Tufanye nini ili chombo chetu cha kifuu kisizame?

Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla ya kusema neno jingine. Jambo hili linaonekana dogo, na ndilo gumu kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwani tumezoea kumjibia mtoto anapokawia, kumwekea maneno mdomoni, au kumbadilishia swali kana kwamba la kwanza limemshinda. Mtoto mdogo hulitafuta wazo kwanza, kisha huyatafuta maneno ya kulivisha, na shughuli zote mbili zina muda wake. Akijibu jambo lisilo la kweli, usikimbilie kumsahihisha, bali muulize amejuaje. Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe akiwa katikati ya maelezo yake, na asipojisahihisha utakuwa umeifahamu njia aliyopitia, jambo ambalo ni la manufaa zaidi kwako kuliko jibu sahihi alilolikariri.

Jikoni na uani

Nazi peke yake inatosha kwa mwezi mzima. Kabla ya kuivunja, mpe mtoto nazi iliyofuliwa aishike na aigeuzegeuze. Ina macho matatu, na ukimpa kijiti ayabonyeze moja baada ya jingine, atagundua kwamba moja ni laini kuliko mawili yaliyobaki, nalo ndilo linalopitisha chipukizi nazi inapoota. Mwache aipe nazi hiyo jina na tabia, maana ina uso. Itikiseni pamoja, msikilize maji yaliyomo, kila mmoja akisie kama yatajaa kikombe au yataishia nusu, kisha ivunjeni mpime. Wenye minazi shambani wana neema zaidi, kwa sababu lugha yetu imelipa tunda hili majina kwa kufuata umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Yaokote matunda hayo, uyapange chini bila mpangilio, umwombe mtoto ayaweke kuanzia mdogo hadi mkubwa kama watu wa familia moja waliojipanga kwa ajili ya kupigwa picha, kisha umuulize yeye mwenyewe sasa amefikia kidaka au kitale. Unapokamua tui la kwanza na la pili, mtilie kidogo la kila moja katika vikombe viwili, ayaonje na kuyatazama, na akueleze kwa nini la pili ni jepesi ilhali nazi ni ile ile.

Kuchagua mchele ni hisabati iliyotangulia tarakimu. Mimina mchele kidogo kwenye ungo, umwoneshe mchele mzima, chenga, chuya na mawe, kisha mgawane kazi: wewe utoe mawe, yeye atoe chuya. Baada ya siku chache badilisha kanuni bila ya kumwambia, utenge punje kwa namna nyingine, kwa mfano nyeupe sana na zenye weusi, na umwache agundue ni kanuni gani unayoifuata. Watoto hupenda mno kumnasa mtu mzima katika siri yake.

Kisha kuna vipimo. Wazee wetu walipima kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo pishi ni vibaba vinne. Nyumba nyingi sasa hazina vipimo hivyo, lakini kopo dogo na kopo kubwa vinatosha, pamoja na mchanga wa uani au mchele utakaopikwa. Fungueni duka, naye awe mwenye duka, nawe uwe mteja mgumu anayedai kwamba amepunjwa, ili alazimike kupima tena mbele yako.

Katika michezo ya kumimina utakutana na jambo moja la ajabu. Jaza maji katika vikombe viwili vilivyo sawa, mtoto akiri kwamba ni sawa, halafu kimoja kimimine mbele ya macho yake katika bilauri ndefu na nyembamba. Mtoto wa miaka 4 au 5 kwa kawaida atasema kwamba maji ya bilauri ni mengi zaidi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilichunguza jambo hili akaona kwamba watoto wengi hawalitatui mpaka wakaribie umri wa miaka 6 au 7, kwa hiyo usimcheke, wala usimwite mzito wa kufahamu, wala usitumie nusu saa kubishana naye. Yarudishe maji kikombeni, umwache ashangae, na mrudie baada ya miezi kadhaa.

Mtoto awe mbali na moto, na mbuzi ya nazi ibaki mikononi mwako. Ambaye hajatimiza miaka 3 asiachiwe komwe, kunde wala kitu chochote kidogo cha kuweza kumkaba, na ndoo yenye maji isibaki uani bila ya mtu mzima, kwani mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache mno.

Kanga iliyogeuka bahari

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alitumia mfano wa mtoto anayepanda kijiti akakifanya farasi, akaeleza kwamba hapo ndipo mtoto anapoanza kuitenganisha maana ya kitu na kitu chenyewe. Kwetu kijiti hicho mara nyingi ni kanga. Kanga ile ile huwa tanga la jahazi, mto wenye mamba, pazia la duka au nyumba iliyojengwa baina ya viti viwili, na ndiyo maana nawasihi wazazi watenge kanga moja kuukuu iwe mali ya watoto, isiwe ya kugombewa kila inapochafuka. Kanga ina faida nyingine kwa mtoto anayekaribia kusoma. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa mahali pale pale, kati ya mji na pindo la chini, na mtoto anaweza kulipitia kwa kidole akitafuta herufi inayoanza jina lake mwenyewe. Akishaipata, akisie kanga inasema nini kwa kuyatazama maua na picha zake, kisha umsomee maneno ya kweli, na mara nyingine utakiri kwamba kisio lake lilikuwa zuri zaidi.

Hapa nina kosa langu la kueleza. Wajukuu walitandika kanga ya buluu ukumbini wakasema ni bahari ya kwendea Pemba, nami nikaona nimepata nafasi ya kusomesha. Nikaanza kuwahesabisha abiria, nikawaeleza kwamba bandari ni Mkoani, nikawauliza kutoka hapo mpaka Chake Chake tutapanda gari gani. Haukupita muda wakaondoka mmoja mmoja, wakaniacha katikati ya bahari peke yangu. Tangu siku hiyo naingia katika mchezo nikiwa abiria, siingii nikiwa nahodha. Namuuliza mwenye chombo nikae wapi, nalipa nauli ya kifuniko cha chupa, naogopa mawimbi nikiambiwa yapo, na nikitaka kuongeza jambo naliongeza kwa shida ndogo inayohitaji utatuzi: nahodha, mbona maji yananifika miguuni?

Kwa watoto wa miaka 5 na 6 upo mchezo ambao Kiswahili chenyewe kimeutengeneza. Taja kitu, yeye akidogoshe, kisha akikuze: mtu, kijitu, jitu, ndege, kidege, dege, mto, kijito, jito. Akishaizoea njia hiyo ataanza kuunda maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na hayo yakubali kwa siku hiyo. Kisha mwambie achague jitu moja na kijitu kimoja, vikutane njiani, na akueleze nani alimpisha mwenziwe.

Njiani hakuna haja ya maandalizi. Mjini Unguja daladala zimeandikwa namba, na mtoto anayejua kwamba 502 inakwenda Bububu na 505 inakwenda Uwanja wa Ndege ameshaanza kusoma. Siku za wiki nazo zimebeba hesabu ndani yake, tangu Jumamosi yenye mosi hadi Jumatano yenye tano, na mwambie kwamba Alhamisi imetokana na tano ya Kiarabu, uone atakavyostaajabu kwamba wiki moja ina tano mbili. Walio karibu na pwani wachomeke kijiti ukingoni mwa maji na mtoto akisie kama maji yanajaa au yanakupwa, kisha kesho yake warudi saa ile ile wakute mambo yamebadilika, kwani kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50.

Kuhusu simu nitasema machache. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba aliye chini ya hapo asikalishwe mbele yake kabisa. Mimi simu naitumia kupiga picha ya nyumba ya kanga kabla haijabomolewa, ili kesho wakumbuke walivyoijenga.

Baada ya isha

Usiku ni wakati wa vitendawili na hadithi, na katika mila yetu mchezo huo una kanuni zake tayari. Anayetega husema “Kitendawili!” naye hujibiwa “Tega!”, na anayeshindwa huombwa mji. Hapo penye mji ndipo wengi wetu tunapopita haraka. Mtoto akikupa Wete, usimpe jibu papo hapo. Sema umekwenda Wete, umeshuka garini, umekuta mikeka ya karafuu imeanikwa, na umuulize nani aliyekupokea, kabla ya kurudi na jibu. Mtoto wa miaka 4 atatega vitendawili visivyo na fumbo, kama vile “Kitu changu cheupe kinatagwa na kuku,” nawe shindwa kwa heshima umpe mji. Mafumbo atayajua kwa kuyasikia yako, na moja la kuanzia unalo jikoni: nina mbuzi mwenye meno asiyekula majani.

Hadithi nayo iwe na mlango wa mtoto kuingilia. Ukisema “Paukwa!” na akaitika “Pakawa!”, ameshakubali kuwa mshiriki, kwa hiyo mwachie kazi za kweli ndani yake: apige sauti ya mlango, achague sungura amebeba nini, aamue kama njia ya kushoto ina simba au ina bibi anayeuza mihogo. Ukihisi usingizi unamchukua, usiharakishe kufika mwisho. Asubuhi, unapomvisha nguo za skuli, muulize hadithi iliishia wapi. Huenda akakupa mwisho ambao hukuutamka kamwe, alioukamilisha mwenyewe akiwa kitandani au alioutunga pale pale akifungwa vifungo. Usimwambie kwamba sivyo ilivyokuwa. Ukumbuke vizuri, na usiku uanzie hapo.