Bildi inayofeli na kupita bila mpangilio: tafuta hapa

Bildi (kazi ya kugeuza msimbo kuwa programu na kuijaribu) ikifeli, usikimbilie kitufe cha kurudia. Andika kwanza jina la mashine, saa, namba ambayo amri imerudisha ilipokoma, na mstari wa kwanza wa kosa kwenye logi. Wa kwanza, si wa mwisho. Yale ya chini kwa kawaida ni makosa yaliyozaliwa na lile la juu. Kisha endesha msimbo ule ule, bila kubadili kitu, kwenye mashine ile ile na kwenye nyingine. Ikifeli kwenye moja tu, chunguza mashine. Ikifeli kote, chunguza msimbo na majaribio yake.

Namba 137 ni 128 + 9: programu imeuawa kwa ishara ya 9, na kwenye Linux mara nyingi muuaji ni keneli (kiini cha mfumo endeshi) iliyoishiwa memori. Thibitisha kwenye mashine yenyewe:

`dmesg -T | grep -i "killed process"`

Ndani ya kontena (kisanduku kinachoitenga programu ndani ya mashine) usiiamini `free -h`, kwani inaonyesha memori ya mashine nzima. Kwenye cgroup v2 (mfumo wa Linux wa kuwekea programu ukomo), ukomo halisi umo kwenye `/sys/fs/cgroup/memory.max`, na `memory.events` ina mstari wa `oom_kill` unaohesabu waliouawa. `nproc`, inayohesabu kore, nayo inaweza kukuponza vivyo hivyo: kontena yenye GB 4 juu ya seva ya kore 32, ukiandika `make -j$(nproc)`, itafyatua kompaila (programu zinazotafsiri msimbo) 32 kwa mpigo. Kwa C++ tenga GB 1 hadi 2 kwa kila kompaila, yaani hapo `-j2`, au `-j4` ukipenda kubahatisha.

Kama `-j1` inapita siku zote na `-j8` inagoma siku moja moja ikidai faili halipo, ilhali ukilitafuta unalikuta, basi Makefile (faili la maelekezo ya `make`) imesahau kutaja utegemezi, yaani faili lipi litangulie lipi. GNU make 4.4 na kuendelea ina `--shuffle`, inayovuruga mpangilio makusudi. Ikifeli hutaja namba ya mvurugo; irudishe kwa `--shuffle=NAMBA` na kosa litakuja tena.

"No space left on device" wakati `df -h` inaonyesha nafasi? Angalia `df -i`. Inodi (nafasi za kuorodhesha faili) zikiwa zimekwisha, `node_modules` (folda za vifurushi vya JavaScript) zilizorundikana ni mshukiwa mzuri.

Majaribio yanayofeli usiku tu mara nyingi yana tatizo la saa. Seva nyingi hufuata UTC (saa ya kimataifa), saa 3 nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku kwetu, "leo" ya programu inayofuata saa yetu ni kesho ya seva. Usisubiri usiku: kwenye jaribio, gandisha saa iwe 22:30 UTC, kisha endesha kwa `TZ=UTC` na kwa `TZ=Africa/Nairobi`.

Ukishatengeneza, hesabu kabla ya kufunga tiketi. Kosa linalotokea mara 1 kwa 20 lina uwezekano wa asilimia 36 hivi wa kutojitokeza katika mizunguko 20, hata kama hujarekebisha chochote. Endesha 60, hapo bahati inabaki na asilimia 5 tu.