Korona ikimpata mtoto mwenye ugonjwa wa figo

Kijana wangu ana miaka 7. Figo zake humwaga protini kwenye mkojo, naye hunywa prednisolone, vidonge vya kutuliza ugonjwa huo. Alipopata korona hapa Kayole, jirani akaniambia, "Mama Brayo, hebu msimamishie hizo dawa kwanza." Usithubutu! Vidonge hivi vikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuzidiwa vibaya. Piga simu kliniki ya figo siku hiyo hiyo. Daktari ndiye wa kubadilisha kipimo.

Homa ni paracetamol, kulingana na uzito wake. Ibuprofen hapana, hata muuzaji dawa akikusifia: inaweza kuumiza figo.

Kila asubuhi mtazame kope. Zikivimba, bonyeza mguu juu ya kifundo. Kidole kikiacha shimo, maji yamejaa. Mimi huchovya kile kijiti cha kupima mkojo, nangoja dakika 1, kisha nakisomea dirishani, maana taa ya bafu yetu hudanganya. Njano ni sawa, kijani ni protini. Naandika kwenye kalenda, kwa sababu maambukizi kama haya huweza kuuamsha ugonjwa.

Akitapika dawa, akikojoa kidogo au akihema, usingoje matatu ijae. Ita teksi.