Somo: Kutuma taarifa za baruti bila kujulikana, na namna saa inavyoweza kukutaja

Wengi walioomba somo hili ni watu wa pwani yetu ya Tanga, kuanzia Moa hadi Kigombe, na shida yao ni moja. Mtu ameona baruti ikipigwa mwambani ili kuua samaki, ana picha, anataka zimfikie mwandishi wa habari, na bado anataka kuendelea kuishi kijijini kwake kwa amani. Hiyo ni haki yake kabisa. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza milipuko, na mwamba ukishavunjika samaki hawana pa kuzalia kwa miaka mingi. Ila mpigaji baruti naye ana ndugu, ana wanunuzi, na pengine ana mtu wake mahali usipopategemea. Kwa hiyo tujifunze taratibu.

Sitapitia kila programu iliyopo. Hatua ya tano ndiyo nitakayokaa nayo sana, nanyi msiiruke.

Hatua ya 1: Jua nani anaona nini

Laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Kwa hiyo chochote unachofanya kwa bando lako kina mwenyewe. Ukifungua tovuti yenye alama ya kufuli, kampuni ya simu haisomi ulichoandika. Inachoona ni jina la tovuti, saa uliyoingia, muda uliokaa, na kiasi cha data kilichopanda na kushuka. Inaona pia mnara ulioishika simu yako, na hilo la mnara hakuna programu ya kulificha: simu ikiwaka na laini ikiwa ndani, mnara unajua ipo.

Maneno yenyewe yalishafungwa kwa fumbo zamani, asiyehusika asiweze kuyasoma. WhatsApp, kwa mfano, imefunga ujumbe wa watumiaji wote tangu 2016. Kinachobaki wazi ni hayo ya pembeni, nani kawasiliana, saa ngapi, kwa kiasi gani, na mara nyingi hayo yanatosha kumtambua mtu.

Hatua ya 2: Pakua Tor Browser mahali sahihi

Tor ni mtandao wa kuficha unakotoka na unakokwenda, na Tor Browser ni kivinjari cha kuutumia. Inapitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu, vinavyoendeshwa na watu na taasisi za kujitolea duniani kote. Kituo cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakokwenda. Cha tatu kinajua unakokwenda lakini hakijui umetoka wapi. Cha kati hakijui hili wala lile. Wazo lilianzia katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, mtandao ukaanza kazi 2002, na tangu 2006 unasimamiwa na shirika lisilo la kibiashara, Tor Project.

Watu huniuliza kwa nini jeshi liachie chombo kama hicho kitumiwe na kila mtu. Kingetumiwa na wanajeshi peke yao, yeyote anayetokea upande wa pili angejulikana papo hapo kuwa ni mwanajeshi. Ilibidi wapite na wanafunzi, wafanyabiashara na waandishi njia ileile, ndipo wasitofautishwe. Likumbuke hilo, maana litatufaa mbele.

Kwa kompyuta, pakua kutoka torproject.org. Kwa Android ipo Play Store. Hakikisha mtengenezaji ameandikwa The Tor Project, kwa sababu za kuiga zipo. Wenye iPhone watumie Onion Browser. Tovuti ikikataa kufunguka, tuma barua pepe kwa gettor@torproject.org, utajibiwa na kiungo cha kupakulia.

Hatua ya 3: Panga mambo machache, mengine yaache

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, weka kiwango cha juu kabisa. Baadhi ya tovuti zitaharibika sura, vumilia. Usiongeze programu-jalizi yoyote, usivute dirisha likajaa kioo kizima, usibadilishe rangi wala maandishi. Kivinjari hiki kimetengenezwa ili watumiaji wote waonekane sawa, na kila pambo unaloongeza linakutenga na wenzako. Na usiingie kwenye akaunti yako yoyote ya kila siku ukiwa humo, hata kwa kuchungulia tu.

Kama Tor haiunganishi, au hutaki mtoa huduma aone kwamba unatumia Tor, washa daraja, yaani mlango wa kuingilia Tor usio kwenye orodha ya wazi, kwenye mipangilio ya muunganisho. Madaraja ni ya aina kadhaa: Snowflake ni rahisi kuanza nayo. Obfs4 na WebTunnel nazo ni nzuri.

Hatua ya 4: Safisha picha

Picha ya simu hubeba ndani yake aina ya simu, saa iliyopigwa, na kama GPS iliwaka, mahali penyewe. Njia rahisi ni kuifungua, kuipiga skrinshoti, kukata kingo, kisha kubadilisha jina la faili, kwa sababu jina la skrinshoti huwa na tarehe na saa.

Halafu itazame picha yenyewe kwa macho ya jirani yako. Niliwahi kuonyeshwa picha iliyosafishwa vizuri sana kila kitu cha ndani, lakini kwenye kona ya chini ulionekana mrengu wa ngalawa, umefungwa kwa kamba ya bluu juu ya kipande cha kanga. Pwani nzima ile ngalawa ya namna hiyo ilikuwa moja. Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyehitajika hapo. Mtoto wa miaka kumi angesema imepigwa kutoka chombo cha nani. Kata kona. Na kwenye video, sikiliza sauti: nani anaongea, nani ameitwa jina.

Hatua ya 5: Saa na uzito

Hapa ndipo penye somo. Chukua mtu aliyekaa stendi ya Kange, na mwenzake aliyekaa stendi ya Magufuli kule Dar. Hawafungui begi la mtu. Mmoja anaandika nani kapanda, saa ngapi, na mzigo wa ukubwa gani. Mwingine anaandika nani kashuka, saa ngapi, na mzigo gani. Jioni wakilinganisha madaftari, watajua nani alisafiri na nini bila kumuuliza mtu swali hata moja.

Tor hukata data yako vipande vya ukubwa mmoja, baiti 512 hivi, ili kipande kimoja kisiseme kitu. Lakini haivicheleweshi, kwa sababu ingevichelewesha kurasa zisingefunguka kwa kasi ya kuvumilika. Kwa hiyo idadi ya vipande na mwendo wake vinabaki vilevile mwanzoni na mwishoni. Waliounda Tor waliandika wazi mwaka 2004 kwamba haimkingi mtu dhidi ya mtazamaji anayeona ncha zote mbili. Tangu 2017 huongezwa pakiti za bandia kati yako na kituo cha kwanza, nazo husaidia kiasi.

Hata anayeona ncha moja ana la kufanya. Kila tovuti inapofunguka ina umbo lake: kiasi kinachoshuka, kwa mpangilio gani. Mwaka 2018 watafiti walifundisha kompyuta kutambua tovuti zinazofunguliwa kupitia Tor, ikapatia zaidi ya asilimia 98, ingawa ilikuwa maabara na orodha ilikuwa ya tovuti 95 tu. Nje ya maabara, tovuti zikiwa nyingi mno, kazi ni ngumu zaidi.

Sasa turudi kijijini. Baruti imelia saa 12 na robo asubuhi. Saa 12 na dakika 40 simu yako inaingia Tor kwa mara ya kwanza tangu uinunue, inapandisha megabaiti 38, inakata. Saa 2 video ya megabaiti 38 iko hadharani. Tor haikuvunjwa, wala ujumbe haukusomwa. Aliyeweza kuona kumbukumbu za mnara alitafuta tu nani pale aliingia Tor asubuhi ile, akapata mtu mmoja.

Hili limeshatokea kweli, tena chuoni Marekani. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya uongo vya bomu ili mtihani uahirishwe. Alipitia Tor, lakini kwa waifai ya chuo. Wachunguzi waliangalia nani aliyetumia Tor kwenye mtandao wa chuo muda ule, wakamfikia, naye akakiri. Kosa lake silitetei hata kidogo. Ila utaratibu uliomnasa yeye unaweza kumnasa mtu mwema vilevile.

Basi fanya hivi. Zoea kutumia Tor siku za kawaida, kusoma habari au kuangalia hali ya hewa, ili siku ya kutuma isiwe ya pekee. Usitume siku ya tukio. Acha siku kadhaa zipite, na saa isiwe ileile. Punguza uzito: picha tatu zilizokatwa vizuri zinatosha ushahidi wa kuanzia, video nzima si lazima. Mwombe mwandishi asichapishe siku anayopokea, na asichapishe faili jinsi lilivyo. Ukimaliza kutuma usikate hapohapo, endelea kusoma mambo mengine. Na ukiweza, wafundishe wengine kijijini watumie Tor kwa mambo yao ya kawaida. Mtumiaji mmoja pekee hana pa kujificha.

Dawa ya kuchelewesha ujumbe makusudi ipo. David Chaum aliieleza mwaka 1981: mtandao unaokusanya ujumbe wa watu wengi, unauchanganya, kisha unautoa kwa mpangilio mwingine. Mitandao ya namna hiyo ipo, lakini ni ya taratibu zaidi na watumiaji wake bado ni wachache. Kwa sasa mchelewesha mzigo ni wewe mwenyewe.

Maswali ya wanachama

MvuviSahare: Shikamoo mwalimu. Mimi nina VPN ya bure, kwani haitoshi?

*Marahaba, mwanangu.* VPN inaficha safari yako kwa kampuni ya simu, lakini mwenye VPN anaona kila kitu: umetoka wapi, unakwenda wapi. Umehamisha imani tu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na huyo wa pili humjui. Ya bure lazima ilipwe na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni taarifa zako. Kwa kazi hii sikushauri.

Binti_Chumbageni: Je, kisheria tuko salama?

Swali la msingi, dada. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia zana za kufikia maudhui yaliyozuiwa, na Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao. Mimi si mwanasheria. Kama una jambo zito mkononi, zungumza na wakili kwanza, ana kwa ana, simu ukiiacha nyumbani.

Mzee wa Barabara ya 9: Nikienda intaneti kafe si ndiyo bora? Laini si yangu.

Mzee wangu, laini si yako lakini sura ni yako. Kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kafe kufunga kamera. Na kafe ya mjini Tanga haina wateja mia kwa wakati mmoja.

Kaniki: Mtandao ukizimwa nchi nzima, Tor inapita?

Haipiti. Inapita panapozuiwa baadhi ya tovuti. Penye giza kabisa hakuna njia. Hifadhi faili, subiri.

MvuviSahare: Mwandishi ninayemwamini yuko Dar na ana Signal. Nimtumie huko?

Signal inafunga ujumbe vizuri, na tangu 2024 unaweza kutumia jina badala ya kumwonyesha namba. Lakini kujisajili bado kunataka namba, na namba yako ina NIDA. Kama una kompyuta, tumia OnionShare, programu ya kupeana faili. Inafungua anwani ya muda ndani ya Tor, naye anaifungua kwa Tor Browser na kupakua faili moja kwa moja kutoka kwako. Anwani hiyo mpelekee kwa barua pepe uliyoifungua ukiwa ndani ya Tor. Huduma ikikudai namba ya simu, achana nayo, tafuta nyingine. Kompyuta iache ikiwaka mpaka uone kwenye OnionShare kwamba faili limepakuliwa lote, maana ukizima katikati anwani inakufa na itabidi uanze upya, kwa saa nyingine.