Kubadili jina la dawa ya nyanya si kubadili dawa

Ndugu zangu mnaolima nyanya huku Kayenze na Igombe, kabla ya kulipia dawa ya ukungu geuzeni pakiti msome kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua ugonjwa. Msimu uliopita nilinunua pakiti za majina matatu tofauti, kumbe zote metalaksili, na ugonjwa wa bakajani chelewa ukazidi kuunguza majani. Vimelea sugu, yaani vile visivyouawa na dawa hiyo, hubaki hai, vikazaliana, na kila ukirudia dawa ileile unavipa nafasi zaidi. Tafuteni kwenye lebo namba ya kundi, inayoonyesha jinsi dawa inavyofanya kazi: metalaksili ni 4, simoksanili, dawa nyingine, ni 27. Msipulizie kundi moja mfululizo. Dawa ya mankozebu hushambulia kimelea sehemu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo usugu dhidi yake ni nadra, ila hiyo ni kinga; ipulizwe kabla ugonjwa haujaingia. Na kipimo kisipunguzwe, tafadhali.