Kabla ya Kushika Mkasi: Mambo ya Kuzingatia katika Mradi wa Uzamili wa Ubunifu wa Mavazi

Miradi mingi ya uzamili ya ubunifu wa mavazi ninayoiona ikikwama hapa Mombasa haikwami kwa ubovu wa mshono. Hukwama kwa sababu mwenye mradi alianza na jambo lililopaswa kuja baadaye, na alipotaka kurudi nyuma akakuta kwamba kile alichokiruka hakipatikani tena kwa fedha wala kwa bidii. Kitambaa kikipungua hununuliwa kingine, na mkono wa gauni uliokosewa hufumuliwa ukashonwa upya. Ila ridhaa ambayo hukuiomba, kipimo ambacho hukukiandika na nguo ya majaribio uliyoitupa havina duka.

La kwanza, uwe na swali, si mada. Uzuri wa leso ni mada, na wanaofaa kuishughulikia ni waimbaji wa harusini. Swali la mradi unaoongozwa na utafiti ni lile lisilojibika kwa kusoma na kuhoji pekee, bali linalokulazimu ushone ndipo ujue. Kwa mfano, leso huja na pindo pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani msemo uliochapishwa, chini ya mji. Je, inawezekana kukata vazi lenye mikono na kiuno bila kulikata jina wala kuuvunja mji, na jina hilo litasomeka wapi mvaaji akiketi? Jibu la swali kama hili huonekana juu ya meza ya kukatia. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art ya London alitofautisha utafiti kuhusu sanaa na usanifu, utafiti kupitia sanaa na usanifu, na utafiti kwa ajili yake, na mgawanyo huo bado unafaa kukupima. Anayeandika historia ya kanzu za darizi anafanya wa kwanza. Anayekusanya picha na rangi ili apate mawazo ya mkusanyo wake wa mavazi anafanya wa mwisho, hata akijaza kuta nne. Unaotakiwa kwako ni ule wa katikati, ambamo kushona ndiko kujua. Mwambie msimamizi wako waziwazi unasimama wapi, tena kwa maandishi, maana wasimamizi nao hubadilika.

Vibali viombwe mapema. Kamati ya maadili ya chuo haitoi kibali kwa mahojiano yaliyokwisha kufanyika, na kwa utafiti unaofanyika Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Fundi unayemtazama akifanya kazi ni mshiriki wa utafiti sawa na bi mkubwa unayemhoji, kwa hiyo naye apewe fomu ya ridhaa, na aielezwe kwa Kiswahili chake badala ya kutiliwa saini mbiombio mlangoni. Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mwanamke aliyekukaribisha ndani bila buibui hajaridhia kuonekana hivyo katika tasnifu. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo wanafunzi wengi wa mavazi huisikia kwa mara ya kwanza wakati wa utetezi wa tasnifu. Usiichukulie kuwa ya mapambo. Kampuni moja ya Uingereza ilipoomba mwaka 2006 kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake ya biashara, Wakenya walipinga, na tangu hapo mtu akija na kamera na daftari kuuliza habari za kikoi ni haki aulizwe anakipeleka wapi. Uwe na jibu.

Makavazi na majumba ya kumbukumbu, pamoja na Fort Jesus, yana taratibu zake za kuona na kupiga picha vitu vilivyohifadhiwa. Andika barua kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu kitambaa, nenda Biashara Street ukakishike. Picha za mtandaoni hazina uzito wala mguso. Nunua cha kutosha kwa mara moja, ikiwezekana jora zima, kwa kuwa muundo wa leso unaouona leo mwezi ujao huenda umeisha na mwenye duka ameleta mingine. Kabla hujaondoa ukingo, nakili maandishi madogo yaliyochapishwa humo, kama ile alama ya Mali ya Abdulla ya ukoo wa wafanyabiashara wa Kaderdina, kwa maana ndiyo yanayokuambia leso ni ya nani, nayo ndiyo ya kwanza kuanguka sakafuni mkasi ukipita. Kisha kata mraba wa sentimita 50, ufue, uuanike, uupime tena: ukikuta 48 upande mmoja, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4, na kiuno cha sentimita 80 kitakubana. Pima upande wa mtande, yaani nyuzi za urefu, na upande wa mshindio, yaani nyuzi za upana, kwa sababu mara nyingi havirudi sawa. Angalia pia kama rangi inachuja, hasa nyekundu na nyeusi zikipakana na nyeupe.

Anayetaka kutia rangi za mimea ajue kwamba manjano ya jikoni hupauka upesi juani, shabu huongezwa ili rangi ishike, na magome ya mikoko yana tanini ambayo ikikutana na chuma hugeukia weusi. Visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvi, na mfereji ukikauka tunanunua ya mkokoteni bila kujua yametekwa wapi, kwa hiyo kila unapochovya andika maji yametoka wapi, la sivyo hutaweza kueleza kwa nini chovyo la Jumatatu si rangi moja na la Alhamisi. Na mikoko inalindwa kisheria. Usiende kubandua magome bila ruhusa ya mamlaka ya misitu.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo ningetaka lisomwe hata kama mengine yote yatarukwa, nalo ni kumbukumbu za majaribio. Mwanafunzi mmoja ninayemfahamu kwa karibu alichagua buibui la kamba, lile la zamani ambalo kitambaa cheusi kipana kilishikwa kichwani kwa kamba na kupangwa mwilini kwa mikono ya mvaaji mwenyewe, kabla ya haya ya kushonwa mikono kuenea. Swali lake lilikuwa zuri: je, maarifa ya kulishika vazi kwa kamba moja yanaweza kuzaa koti jepesi linalobadilika umbo bila zipu wala kifungo? Alikaa na bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale aliyelivaa tangu usichana, akajifunza kulifunga, kisha akawa anashona majaribio kwa marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, katika karakana ya fundi mmoja huko Majengo. Jaribio la kwanza lilimvuta mvaaji shingo kwa nyuma. Jingine lilimshuka begani alipoinua mkono kama anayeshika chuma cha matatu. Kila lilipokataa alihamisha kamba kidogo, mpaka ikatoka utosini ikatua chini ya kisogo, na koti likamkaa mtu barabara. Lilikuwa vazi zuri, sisemi uongo.

Yale majaribio fundi aliyachana. Kwake kitambaa kisichouzika ni tambara, kwa hiyo mengine yalikuwa mifuko ya ndani ya suruali za wateja na mengine yakafutia mafuta ya cherehani, na huwezi kumlaumu mtu ambaye hakuambiwa kwamba tambara lile ni data. Picha zilikuwa simuni, zimechanganyika na za harusi za jamaa, bila maelezo. Karatasi za kukatia zilikuwa zimesahihishwa papo kwa papo, kalamu juu ya kalamu, hata mstari wa awali haukutambulika.

Siku ya utetezi mtahini alimuuliza kwa nini kamba ikae chini ya kisogo na si pengine. Jibu alilijua kwa vidole vyake, lakini tasnifu haikuwa na chochote cha kuonyesha kwamba kwingine kulijaribiwa kukashindikana, na bila hilo koti lake lilibaki wazo zuri la mtu mwenye kipaji, jambo ambalo chuo hakikuwa kikilipima. Akaambiwa arudie majaribio. Hapo ndipo ubaya ulipojitokeza, maana majaribio ya namna hiyo hayarudiki. Aliyekwisha kujua kamba inakaa wapi hawezi kuitafuta tena kwa dhati. Mkono humpeleka mahali sahihi hata akiuzuia, na makosa anayoyashona ni ya kuigiza. Alileta nguo mbovu za makusudi, mtahini akazitambua, na mwishowe dai la tasnifu likapunguzwa mpaka likawa maelezo ya vazi moja. Shahada aliipata, lakini kile hasa alichokigundua hakimo ndani yake.

Kwa hiyo kila jaribio lihifadhiwe, likiwa zima au limepasuka, na lishonewe kipande cha utepe chenye tarehe na nambari, kwa kuwa karatasi ya kubandika hudondoka kwa unyevu wetu. Lipigwe picha mbele, nyuma na ubavuni, mahali pamoja na kwa umbali uleule. Karatasi ya kukatia inakiliwe kabla ya kusahihishwa. Jioni hiyohiyo andika sentensi chache: ulitarajia nini, kimetokea nini, utabadilisha nini na kwa nini. Usingoje mwisho wa wiki, kwani kufikia hapo utakuwa umeshajishawishi kwamba ulijua tangu mwanzo. Fundi aambiwe siku ya kwanza, tena umpelekee matambara mengine ya kufutia mashine yake.

Kuhusu fundi huyohuyo, patana naye bei na tarehe kwa maandishi, na usimtegemee katika Ramadhani. Kadiri Idi inavyokaribia, nguo za sikukuu humjaa hadi mlangoni, na mradi wako utakaa chini ya rundo kwa haki kabisa.

Majaribio ya kuvaa yafuate majira. Koti lililosifiwa Julai, kusi inapovuma, halijathibitisha chochote kuhusu Machi, na kama dai lako ni kwamba vazi linafaa kwa pwani, lazima mtu alivae adhuhuri ya joto, apande nalo tuktuk na abebe nalo mtoto au kikapu. Chagua wavaaji wa miili tofauti. Sanamu ya dukani haitoi jasho.

Bajeti iongezwe, stima hukatika, nakala za kazi zikae mahali zaidi ya pamoja. Vifungo na kulabu za chuma hushika kutu haraka katika hewa ya chumvi, na pamba iliyofungiwa kwenye plastiki wakati wa masika huota ukungu, basi funga mavazi kwa shuka kavu la pamba na uyapunge hewa kila mara. Na ukiombwa kuyaazima kwa onyesho la mitindo kabla hayajatahiniwa, kataa, hata kama mwandalizi ni rafiki, kwa sababu vipodozi vya wanamitindo havitoki kwenye kola nyeupe, na pini za kubania kiuno hutoboa palepale mtahini atakapokagua mshono. Akibembeleza sana, mpe michoro.