Mwarobaini Nao Una Dafu na Koroma Yake

Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa kwamba tunda hubadilika ndani kabla halijabadilika nje. Mnazi umeshamfundisha. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: majina yote hayo ni ya tunda moja, na kila jina lina kazi yake. Hakuna akunaye dafu akitarajia tui. Lakini mtu huyo huyo akifika chini ya mwarobaini, yote huwa "matunda" tu. Hupura matawi kwa ufito, mabichi na mabivu yakaanguka pamoja, akatwanga, akapulizia sukuma wiki yake, na wiki ijayo akasema dawa ya mwarobaini ni hadithi za wazee.

Dawa ipo. Kilichokosewa ni wakati.

Mti huu ulitoka Bara Hindi, na leo umejaa kila uwanja kuanzia Likoni hadi Kisauni, kiasi kwamba wengi hudhani ni wa kwetu tangu jadi. Majani na magome yake tunayajua kwa homa na upele. Mkulima, hata hivyo, ana haja zaidi na kokwa, kwa sababu kiini kilichomo ndani yake ndicho kinachobeba kwa wingi azadiraktini, kemikali inayomharibia mdudu maisha. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati wa mlipuko wa nzige. Aliona nzige wakitua kwenye miarobaini kisha wakiondoka bila kuila, ilhali mimea mingine ilikuwa ikimalizwa. Mwaka 1968 kemikali hiyo ikatengwa kutoka kwenye kokwa. Umbo lake ni gumu kiasi kwamba wanakemia walifaulu kuitengeneza maabara mwaka 2007 tu, baada ya kuihangaikia miaka 22. Mti wa uani kwako huitengeneza kila msimu bila malipo, ila kwa ratiba yake wenyewe.

Ratiba hiyo ni kama wiki 12 tangu ua kufunguka hadi tunda kuiva. Mwanzoni tunda ni la kijani kibichi, gumu, na ukilipasua unakuta kiini hakijashika, ni majimaji. Hapo hakuna mafuta ya kutajwa na azadiraktini ni haba. Hilo ndilo dafu la mwarobaini, ila halinyweki. Baadaye kiini huanza kushika na kuwa cheupe na kigumu, kokwa nayo hukaza. Mti unahamisha mali kutoka kwenye majani kuingia kwenye kiini: mafuta yanaongezeka, na uchungu wa azadiraktini na ndugu zake, nimbini na salanini, nao unaongezeka. Kwa Kiswahili tunda la hatua hii tunaliita pevu. Limekomaa, halijaiva.

Kisha huja siku chache ambazo ndizo nakuomba uziwinde. Kijani kinapauka, kwa kuwa klorofili, yaani ile rangi ya kijani, inavunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake inatokeza. Nyama inalainika na kuingia sukari. Tunda linapogeuka hivyo, nusu kijani nusu manjano, hadi kufikia manjano safi, kiini chake kiko karibu na kilele cha azadiraktini. Likishaiva mno, likalegea na kuanza kuwa la kahawia chini ya mti, kiwango huanza kushuka, na ukungu unakuwa umeshabisha hodi. Mafuta hayapotei upesi namna hiyo: kiini kizuri huwa na kati ya asilimia 30 na 50 ya uzito wake. Kwa hiyo anayekamua mafuta anaweza kusubiri kidogo, lakini wa dawa ya shambani asingoje.

Kuna jambo hapa hunifurahisha. Nyama inapopata utamu, kiini ndipo kimejaa uchungu. Ndege na popo wanakaribishwa kwa sukari, wanakula nyama na kuitupa kokwa ikiwa safi, na mdudu anayetaka kuitoboa kokwa hiyo anakutana na sumu. Kokwa safi unazozikuta asubuhi chini ya mti wanakolala popo ni kazi ambayo umeshafanyiwa. Ziokote siku hiyo hiyo, na unawe mikono ukimaliza.

Kama huna popo wa kukufanyia kazi, tandika turubai au jamvi chini ya mti, tikisa matawi taratibu na uache yaliyo tayari yaanguke yenyewe. Tunda linaloshikilia tawi halijawa tayari, liache. Rudi baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu mti mmoja hauivishi matunda yote kwa pamoja. Mti mkubwa wenye afya hutoa kilo 30 hadi 50 za matunda kwa mwaka, hivyo hakuna haja ya pupa.

Siku hiyo hiyo ondoa nyama. Loweka kidogo, fikicha ndani ya ndoo, suuza mpaka kokwa zisiteleze. Sukari inayobaki ni karamu ya ukungu. Zianike kivulini penye upepo, zikiwa zimetandazwa punje kwa punje, na uzigeuze mara kwa mara kwa siku kadhaa. Usizianike kwenye bati juani, kwani miale mikali na joto huivunja azadiraktini. Kwa unyevu wa pwani, hasa masika, kukausha ndiko kunakotushinda wengi. Mimi nilipoteza gunia zima kwa kuharakisha: nilitia kokwa zilizokauka kwa nje tu katika mfuko wa nailoni, na nilipoufungua ndani kulikuwa kijani tupu. Tia kwenye gunia la katani au pakacha linalopumua, liinue lisiguse sakafu. Kokwa zenye ukungu zitupe, usijaribu kuziokoa, kwa kuwa ukungu wa namna hiyo unaweza kutoa sumu ya aflatoksini. Zilizokauka vyema zitumie ndani ya miezi michache, maana nguvu hupungua hata ghalani.

Siku ya kupulizia, bangua kokwa, pepeta kwa ungo na utwange viini kwenye kinu hadi viwe unga mnyevu. Kipimo ni gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, yaani kilo moja kwa pampu ya lita 20. Loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha leso kuukuu, pulizia jioni jua likishuka, hasa upande wa chini wa majani.

Maji nayo yana neno. Kisima cha Mombasa mara nyingi kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Azadiraktini haipendi maji ya namna hiyo, huvunjika haraka zaidi. Kama sabuni inakataa kutoa povu kwenye maji ya kisima chako, tafuta ya mvua. Ukitumia sabuni ya mche ili dawa ishike kwenye jani, itie kiasi kidogo dakika za mwisho kabla ya kupulizia, kwani sabuni nayo ina magadi. Dawa iliyolala siku mbili imwage kwenye shimo la mbolea, si kwenye mkondo wenye samaki.

Usitazamie viwavi waanguke hapo hapo. Azadiraktini humfanya kiwavi asile, na humvuruga asiweze kujivua ngozi akakua. Anaweza kuonekana hai siku tatu huku ameshakwisha. Ndiyo maana unapulizia wangali wadogo, na unarudia baada ya wiki moja hivi au mvua ikinyesha.

Na kwa wale wanaotumia mwarobaini kama dawa ya nyumbani: kunywa mafuta ya kokwa si sawa na kuchemsha majani. Wapo watoto wachanga waliougua vibaya na hata kufa kwa kunyweshwa mafuta hayo. Mjamzito pia asiyanywe. Angalia vilevile usiokote matunda ya Melia, mti unaofanana nao: maua yake ni ya zambarau hafifu, jani lake limegawanyika mara mbili, na matunda ya mviringo hubaki yakining'inia mtini. Hayo ni sumu kwa mtu.

Ukitaka miche, tenga kokwa za kupanda mapema, kutoka kwenye matunda ya manjano safi, na uzitie kitaluni ndani ya wiki mbili. Kokwa iliyokaa gunia miezi minne inaweza kufaa kinuni, ila kitaluni mara nyingi haioti.