Somo: Pima sumaku ya jenereta ya upepo kwenye kompyuta kabla ya kukata chuma

Mfano wetu ni jenereta ya rota (sehemu inayozunguka) mbili: mabamba ya chuma yenye kipenyo cha milimita 300, kila moja na sumaku 12 za neodimiamu za daraja la N40 (milimita 46 × 30 × 10), na stata (sehemu isiyozunguka) ya resini yenye koili 9 katikati. Programu ni FEMM, ya bure, ya kukokotoa uga wa sumaku.

1. FEMM huchora bapa tu, kwa hiyo ikunjue rota iwe mstari kwenye nusukipenyo cha milimita 127. Mzingo ni 798. Ukigawa kwa 12, kila sumaku ina nafasi ya 66.5. Chora sumaku mbili jirani tu, upana 133.

2. Weka milimita, masafa 0, na "Depth" 46, yaani urefu wa sumaku. Ukiiacha kwenye 1, fluksi (jumla ya uga wa sumaku unaopita kwenye eneo) itatoka pungufu mara 46.

3. Panga kutoka chini: bamba 10, sumaku 10, nafasi 15 (stata 13, hewa 1 kila upande), sumaku 10, bamba 10. Nje ya mabamba acha hewa 30.

4. Mwelekeo wa sumaku ndio unaokwamisha wengi. Jozi ya kwanza, ya chini na ya juu, zote nyuzi 90 (kuelekea juu). Jozi ya pili zote 270 (kuelekea chini). Zinazotazamana lazima zivutane.

5. Kingo za kushoto na kulia ziwe "Periodic", yaani mchoro ujirudie; juu na chini, A = 0, yaani fluksi isivuke ukingo.

6. Piga mstari wa milimita 30 katikati ya nafasi, mkabala na sumaku. Wastani wa nguvu ya uga ukiwa tesla 0.6, fluksi ni 0.6 × 0.030 × 0.046 = weba 0.00083. Rota ikizunguka mara 200 kwa dakika, masafa ni hezi 20. Koili ya raundi 80 itatoa wastani wa 4 × 20 × 80 × 0.00083, yaani volti 5.3, koili 3 za fezi moja, karibu 16. Halisi itapungua kidogo, maana raundi za ndani haziizunguki sumaku nzima.

Swali: Fundi, kwa mafundi wa jua kali hapa Changamwe, Mombasa, nimepata bamba la milimita 6. Halifai?

Jibu: Badilisha 10 iwe 6 uone: chuma kitakaribia tesla 1.9, kimeshiba, na fluksi inavujia nyuma. Funga mawili pamoja kwa bolti. Usichomelee sumaku zikishabandikwa. N40 ya kawaida huanza kudhoofika ikipita nyuzi 80 za joto.

Swali: Mimi katikati napata karibu sufuri.

Jibu: Sumaku zako zinasukumana. Rudi hatua ya 4.

Swali: Niko Nyali, kusi inaleta chumvi. Nizungushie rota ukanda wa chuma?

Jibu: Uwe wa chuma kisichoshika kutu, na ujaribu kwa sumaku kwanza: ukivutwa, utaiba fluksi pembeni. Kisha mimina resini hadi usawa wa sumaku. Ngozi ya nikeli ya sumaku ikikwaruzika, sumaku hushika kutu, huvimba na kusugua stata, na hewa yako ni milimita 1 tu.